Mfuko uliomeza USI

Kwetu Langoni sufuria hushikwa kwa ncha ya leso. Umejifunga kiunoni, umetoka kukamua nazi, ncha imelowa tui, na hiyo hiyo unaikunja mara mbili uteremshe wali. Leso mbichi ni mbaya, moto hupita kwenye maji upesi kuliko kwenye pamba kavu. Alama iliyo kidoleni mwangu ni ya Ramadhani ya mwaka jana, adhana imekaribia nami nina haraka.

Basi mtoto wa kaka yangu alipoposwa nikasema, mimi shangazi mtu sina pesa ya seti ya vyombo, lakini huyu hatashika sufuria kwa leso. Nikaitoa cherehani ya mkono, Singer ya marehemu nyanya, inayolia kama punda aliyekataa mzigo.

Nilianza na vishikio vya mraba, vya kushikia mfuniko, sentimita 20 kila upande. Juu na chini leso, ndani blanketi kuukuu la pamba, tabaka mbili. Nasema la pamba. Yale laini yanayong'aa huyeyuka yakipata moto, yakanata kwenye ngozi. Hata leso siku hizi si zote pamba. Mimi huchomoa uzi mmoja pindoni nikauwasha kwa kiberiti: wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, ule mwingine hujikunja ukawa kitone kigumu. Leso ya kitone ivae, jikoni haiendi. Na uifue kabla ya kuikata, maana pamba hunywea, na ukishona kwanza ukafua baadaye, kitu chote kinajikunyata.

Mifuko miwili ya kuchujia tui ilinichukua nusu saa tu. Kitambaa ni marekani, mshono nimeupinda mara mbili ili machicha yasijifiche ndani. (Kifumbu cha ukindu ni bora, nakubali. Lakini watoto wa leo hukiacha na unyevu mpaka kikaota ukungu.)

Raha yangu ilikuwa mkanda. Sentimita 90 kwa 20, kila mwisho una mfuko wa kuingiza mkono, wa kuteremshia sufuria la biriani lililopaliwa makaa juu ya mfuniko. Kwa huo nilikata leso nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, yenye jina USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nasaha njema kwa bi harusi, nikaona, nikaliacha jina lipite katikati. Mifuko niliipachika usiku, umeme umekatika, kwa taa ya simu.

Siku ya kupeleka vyombo wifi yangu, mamake bi harusi, akaukunjua mbele ya wanawake wote. Akasoma kwa sauti, polepole:

"Safirie nyota ya mwenzio."

Chumba kikanyamaza. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Leso hainunuliwi kabla jina halijasomwa, na leso itokayo kwa wifi husomwa mara mbili. Sasa mimi, mbele ya ukoo mzima, namwambia mwanawe akatwae nyota ya mwanamke mwenzake! Bibi mmoja pembeni akauliza, "Nyota ya nani, jamani?" Akajibiwa kwa kicheko cha puani.

"Wifi," akasema, "huu ni mkanda wa sufuria au ni barua?"

Niliapa kwa kila kiapo nikijuacho. Mwisho nikaunyakua, nikaufunua mfuko wa kushoto, na USI hiyo hapo, imelala chini yake salama salimini. Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Wifi alicheka pia, ila alikawia kidogo kuliko wenzake.

Wiki iliyopita nilimtembelea bi harusi. Vile vya mraba vimeingia masizi, kimoja kimeungua pembe, nikafurahi, maana niliogopa atavitundika ukutani kama mapambo. Mfuko wa kushoto wa mkanda ameufumua, akausogeza na kuushona upya kwa mkono, mshono umekwenda upogo. Nikamwambia alete niurekebishe.

"Wacha tu, shangazi. Sasa unasomeka."

Wifi naye ameniletea leso nimshonee kama ule. Nimelisoma jina lake mara tatu, herufi kwa herufi, na mifuko nimeipimia nje ya maandishi.