Saa ya Kuondoka Ukweni

Somo la wiki: Waamuzi 19:1–10, Kutoka 18:5–12, 27

Bwana asifiwe, wapendwa.

Waamuzi 19 ni sura ambayo wengi huiruka, na si ajabu, maana mwisho wake unatisha. Wiki hii tunaishia mstari wa 10, mahali ambapo bado hakuna ubaya ulioonekana. Mkwe amekuja, baba mkwe amefurahi, chakula kiko mezani.

Mlawi wa Efraimu amefunga safari hadi Bethlehemu ya Yuda kumfuata suria wake, aliyerudi kwa babake miezi minne iliyopita. Ana mtumishi mmoja na punda wawili. Siku tatu wanakula na kunywa. Siku ya nne anaamka mapema aende, mzee anamwambia atie kitu tumboni kwanza apate nguvu. Anakaa. Siku ya tano ni yale yale, mpaka jua linapinduka, na hapo mzee anamwambia mchana umekwisha, laleni tena. Mlawi anakataa, anatoka. Kutoka Bethlehemu hadi Yebusi, yaani Yerusalemu, ni kama kilomita 9, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu. Wanafika hapo mchana umeisha, wanasonga mbele kuelekea Gibea, na jua linawachwea njiani.

Hakuna mtu mbaya katika mistari hii. Mzee ni mkarimu, mkwe ni mpole. Lakini angalieni ni akina nani wanaokula na kupanga. Ni wanaume wawili. Mwanamke, ambaye safari nzima ilifungwa kwa ajili yake na nyumba ni ya babake, hasemi neno. Hakuna anayemuuliza. Saa zilipopotea, aliyelipa kwa uhai wake ni yeye.

Ndiyo maana tunawaletea somo hili ninyi mliofunga ndoa juzi juzi na mnaishi hapa Nairobi, nyumba ya kupanga, huku wazazi wa pande zote mbili wakiwa mashambani na kila mmoja anauliza mnakuja lini. Saa ya kuondoka ukweni ni jambo la wawili kukubaliana mkiwa bado Nairobi, kabla hamjafunga begi. Mkiiacha iamuliwe mezani, itaamuliwa na mwenye sauti kubwa au na mwenye sufuria motoni.

Chukueni mfano wa nyumbani Kakamega. Ni zaidi ya kilomita 350, na magari ya abiria yana kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Ukiweka kusimama Nakuru, malori na msongamano, hesabu saa nane. Sasa pigeni hesabu mkianzia mwisho. Mnataka kuwa ndani ya nyumba yenu Kasarani Jumapili saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijaingia, ili Jumatatu kazini mfike mkiwa watu. Basi mjini mfike saa kumi na moja. Gari liondoke Kakamega saa tatu asubuhi. Matatu haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo mfike steji saa mbili na nusu. Boda kutoka bomani hadi steji ni nusu saa, basi getini mtoke saa mbili. Kuaga kuanze saa moja na nusu. Chai iwe mezani saa moja.

Mkishaiona hesabu hiyo kwenye karatasi, mtaelewa kwa nini "tutaondoka tu baada ya chakula cha mchana" ni neno la hatari. Chakula cha mchana kijijini ni saa nane. Mkitoka saa tisa, mtakuwa kati ya Gilgil na Naivasha giza limeshaingia, Nairobi nzima ikirudi kwa barabara hiyo hiyo, na Kinungi huenda kuna ukungu. Mtashushwa mjini karibu na usiku wa manane, mkiwa na mizigo, mkitafuta gari la mtaani. Nauli ya Jumapili jioni nayo huwa imepanda.

Kinachowachelewesha wengi ni kuku. Mama anataka kuwaheshimu, na kwa Waluhya, wenyeji wa Kakamega, heshima hiyo ina manyoya. Ataanza kumfukuza asubuhi ile ile mnayoondoka. Kumkamata, kumchinja, maji ya moto, kumnyonyoa, kumpitisha kwenye moto ili vinyweleo viungue, kumkatakata: saa nzima imekwenda. Kuku wa kienyeji aliyekomaa anataka saa moja na nusu hadi mbili juu ya kuni. Kisha ugali. Halafu kuna firigisi inayomsubiri mzee wa boma kwenye sahani, na hakuna namna ya kuinuka kabla hajaila. Mkisema "mama, tumechelewa" wakati sufuria inachemka, mmemvunja moyo. Dawa ni simu ya Alhamisi: "Mama, tunafika Ijumaa jioni, Jumapili tunatoka saa mbili asubuhi. Kuku tumle Jumamosi, tumle kwa utulivu." Mama akijua mapema hupanga vizuri kuliko nyinyi, na Jumamosi mtakaa naye jikoni mkimsikiliza bila kutazama saa.

Simu hiyo apige nani? Kila mtu na mzazi wake. Hili tunalisisitiza kuliko yote. Mume azungumze na wazazi wake, mke na wa kwake. Na maneno yawe "tumepanga," yasiwe "mke wangu anataka turudi mapema." Sentensi hiyo ya pili hukaa ukweni miaka. Mwana anasamehewa siku hiyo hiyo kwa sababu ni mwana, ila mkaza mwana ataitwa mwenye haraka hata siku atakayokuja kukaa wiki nzima. Mwanzo 2:24 inasema mwanamume "atamwacha babaye na mamaye naye ataambatana na mkewe." Kuambatana huko kunaonekana hapo hapo kwenye simu, mtu anapolibeba neno la nyumba yake mwenyewe bila kujificha nyuma ya mwenzake.

Kuna pia kidonda cha umbali. Mke kwao Nyeri, kilomita 150 hivi, saa tatu na mko huko. Mume kwao Kakamega. Mwisho wa mwaka mtu anahesabu kwamba Nyeri tumekwenda mara sita na Kakamega mara moja, na ugomvi umeanza. Msihesabu safari. Hesabuni siku za kukaa. Wikendi moja Nyeri, ukitoa njia, ni siku moja na nusu. Safari moja ya Kakamega yenye siku tano, ya likizo ya Aprili au Agosti, inampa mama muda wa kuchoka nanyi kidogo, na hiyo ni baraka. Desemba ni mwezi mgumu zaidi, maana nauli hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia na kila boma linawataka tarehe 25. Kubalianeni mwaka huu upande gani na mwaka ujao upande gani, muwaambie wazazi wa pande zote mbili mapema, Oktoba hivi.

Pesa, kwa ufupi. Safari ikiwagharimu shilingi 12,000 kwa nauli, zawadi na mambo ya ghafla, weka 3,000 kila mwezi kwa miezi minne, mahali ambapo haziguswi. Ununuzi fanyeni mji wa karibu na nyumbani. Sukari kilo 4, unga wa ngano kilo 4, mchele kilo 5, mafuta lita 3, majani ya chai na mche wa sabuni ni karibu kilo 18, na matatu ya abiria 14 haina mahali pa kuziweka ila magotini mwenu. Mkate ukipanda nao Nairobi utafika umekuwa chapati. Kutoka Nairobi bebeni vile visivyopatikana huko kwa urahisi: leso nzuri ya mama, dawa alizoandikiwa baba, na gazeti la siku hiyo. Msidharau gazeti. Mzee atalisoma hadi matangazo ya vifo, kisha atalipeleka kwa jirani.

Maombi ya pesa yatakuja, mara nyingi jioni, mara nyingi kwa mmoja wenu mwenzake akiwa nje. Mabati, karo ya mdogo wenu, deni la dukani. Msijibu palepale. Semeni mtazungumza na mtapiga simu Jumatano, kisha Jumatano mpige kweli, hata kama jibu ni hapana. "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo," Bwana alisema. Ahadi ya kuridhisha meza huwafanya watu waogope kurudi kwao wenyewe.

Mtapewa mahindi na maharagwe ya kurudi nayo. Pokeeni. Lakini mahindi yasiyokauka yakikaa kwenye gunia ndani ya nyumba ya ghorofa huota ukungu, na ukungu huo una sumu. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Jaribio ni rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi konzi moja, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, na yanahitaji jua kabla ya kuhifadhiwa. Ikianguka chini yote, yamekauka. Fanyeni jaribio hilo Nairobi, si mbele ya mama.

Sasa geuzeni safari, wazazi ndio wanakuja Nairobi. Hapa Kutoka 18 inatufundisha kwa upole. Yethro alituma neno kwanza: mimi mkweo nakujia. Musa, mwenye taifa zima mabegani, akatoka nje kumlaki, akasujudu, akambusu, wakaulizana habari, ndipo wakaingia hemani. Mtu hakuachwa atafute hema mwenyewe.

Kwa hiyo mzee asiambiwe "ukishuka mjini piga simu." Mjini ni wapi? Ofisi za magari zimetapakaa River Road, Accra Road na kwingineko, simu yake inaweza kuwa imezimika, na anayejitolea kumbebea begi huenda asionekane tena. Mkatieni tikiti nyinyi, mjue ni kampuni gani na inashushia wapi, chukueni nambari ya ofisi, na mmoja wenu awe pale nusu saa kabla gari halijafika. Kama amekuja kliniki, hakikisheni kabla hajapanda kwamba kitambulisho, kadi ya hospitali na dawa ziko kwenye mfuko wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, basi jazeni jerikeni za lita 20 siku yenu ya maji, na mwongeze moja kwa kila mgeni kwa siku. Kama mnaishi ghorofa ya nne bila lifti, wekeni kiti kwenye kituo cha ngazi ya pili siku mama anapofika. Magoti yake yatawashukuru, na hatalazimika kusema kwamba amechoka.

Swali la kulala liulizwe kabla, na liulizwe na mwenye mzazi. Kwa Waluhya na Wajaluo wengi, wazazi wa mke hawalali nyumbani kwa mkwe wao. Wengine siku hizi hulala bila shida. Wengine hawatasema neno, watakaa kwenye kochi macho wazi hadi asubuhi. Mke ampigie mamake amuulize waziwazi, na kama jibu ni hapana, atafutiwe kitanda kwa shangazi au kwa ndugu wa kanisa mtaa huo huo. Chumba kimoja chenye pazia si aibu kwa mzazi. Kinachomuumiza ni kuona mmegombana kwa kunong'ona jikoni kwa sababu yake.

Sura ya 18 inafunga kwa mstari mfupi: Musa akamruhusu mkwewe aende zake, naye akaenda mpaka nchi yake. Hakumshika mkono siku tano mfululizo. Mzee akisema Alhamisi, tikiti ya Alhamisi inunuliwe Jumatatu.

Tumebakiza nusu saa ile ya kuaga, kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili. Msiipunguze. Dakika kumi ni za nyanya aliye boma la pili, ambaye hawezi kutembea hadi kwenu na atauliza mwaka mzima kwa nini mlipita. Dakika tano ni za mama kuwarudisha ndani akamalizie kuwafungia ndizi. Zilizobaki ni za maombi getini. Mama atawaombea kwa majina, atamwombea dereva ambaye hamjamwona bado, atataja kila mto na kila kona hadi Nairobi, kisha atarudi mwanzo awaombee tena. Mwambieni kijana wa boda azime pikipiki.