Bolti ya kadani haikatiki bure: nilivyoituliza rotaveta yetu Lubumbashi

Anayelima pembezoni mwa Lubumbashi anajua kwamba ardhi yetu haikuachii upite hivi hivi. Miombo imekatwa, lakini visiki vimebaki chini ya majani, na vichuguu vya mchwa vingine vinapita urefu wa nyumba. Ukiingia shambani na rotaveta, mashine ya visu vinavyozunguka inayofungwa nyuma ya trekta, mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimelainisha udongo wa juu tu na chini bado ni kugumu, bolti ya usalama itakatika. Hapo hakuna cha kulalamika, imewekwa ili ikatike. Kwetu sisi ilikuwa inakatika hata pasipo na kisiki, kwenye bustani ya mboga iliyolimwa miaka na miaka, udongo laini ambao hata jembe la mtoto linazama. Hapo nikajua kuna ugonjwa.

Mashine tuliinunua ikiwa imeshatumika kwingine. Nguvu inatoka nyuma ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, inapita kwenye kadani, ule mhimili wa viungo unaounganisha trekta na mashine, inaingia giaboksi ya katikati, halafu cheni nene iliyofichwa kwenye kasha la pembeni inaishusha hadi kwenye mhimili wenye visu. Bolti ya usalama iko kwenye kichwa cha kadani, ikishikanisha sahani zake mbili. Kisu kikigonga jiwe, bolti inakatika, kadani inazunguka peke yake, gia na cheni zinapona. Bolti ni pesa ndogo. Giaboksi inaweza kula mavuno ya msimu mzima.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: weka bolti ngumu zaidi. Kichwani mwa bolti yetu pameandikwa 8.8, ndiyo namba ya daraja la nguvu yake, na wauza vyuma wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi wanakupa ya 10.9 bila kukuuliza unaifunga wapi. Hiyo ina nguvu zaidi kwa takriban robo. Nilikataa, na hadi leo nakataa. Mzigo ule haupotei kwa sababu bolti imekuwa ngumu, unahama tu kutafuta mahali pengine pa kuvunja: pingili ya cheni, jino la gia, au msalaba wa kadani. Nimeona rotaveta ya jirani iliyopasuka kasha la giaboksi, na ndani ya kichwa cha kadani bolti imekaa nzima kabisa, inang'aa. Wapo pia wanaokata kipande cha nondo na kukipiga nyundo mpaka kiingie. Nondo haina kipimo cha kukatika kinachojulikana, kwa hiyo hujui unalinda nini.

Nilichofanya ni kuanza kuokota vipande vilivyokatika badala ya kuvitupa. Ukishika kipande mkononi ukakigeuza kwenye mwanga, uso wake unasema mengi. Bolti iliyokatwa na mzigo mkubwa wa ghafla ina uso ulionyooka, umeburuzwa upande mmoja, rangi moja. Vya kwetu havikuwa hivyo. Nusu ilikuwa nyeusi yenye kutu, nusu ya pili ndiyo iliyokuwa inang'aa. Maana yake ufa ulianza mapema, ukatembea polepole, na siku ya kukatika palikuwa pamebaki nusu ya chuma tu. Juu ya mwili wa bolti palikuwa na ngazi ndogo, kama mahali palipotafunwa. Bolti ilikuwa inapigwa ikiwa palepale ilipo.

Nilipeleka kadani kwa mzee mmoja fundi wa turneri, mashine ya kuchonga chuma, aliyezeeka kwenye karakana za migodi. Hakuitazama bolti hata kidogo. Aliingiza bolti mpya kwenye tundu bila nati, akaitikisa kwa kidole kimoja, ikacheza.

“Mama, bulo haina kosa,” akaniambia. “Tundu njo imekufa.”

“Sasa tutafanya namna gani, papa?”

“Tutaitengenezea nyumba mpya.”

Matundu yalikuwa yamepanuka yakawa na umbo la yai. Kila mara trekta inapoongeza au kupunguza nguvu, sahani mbili za kadani zilikuwa zinasogea kidogo na kuigonga bolti pande zote mbili. Mzee akayatoboa yakawa makubwa na ya mviringo, akachonga vibushi, yaani vipete, vya chuma kigumu, akavisindika humo, tundu la ndani likirudi kwenye milimita 10 zinazokaa bila kucheza. Kazi hiyo ilinigharimu kuliko boksi zima la bolti, na ningeilipa tena leo bila kubishana.

Alinionyesha jambo la pili ambalo watu wengi hawaliangalii. Bolti tulizokuwa tunaletewa zilikuwa na hesi, ile mikato ya kuzungushia nati, hadi kichwani. Mahali sahani mbili zinapokutana, pale ndipo mkasi ulipo, na pale panatakiwa pakae mwili laini wa bolti. Bolti ya milimita 10 ina chuma cha milimita za mraba zipatazo 78 kwenye sehemu laini, lakini kwenye hesi inabaki kama 58. Ukiweka hesi kwenye mkasi umeshapoteza robo ya nguvu, na mabonde ya hesi ndiyo ufa unapopenda kuanzia. Sasa nanunua bolti ndefu zenye sehemu laini ya kutosha, na hesi inayozidi nje ya nati inakatwa. Nati ninafunga ya kujikaza yenyewe, maana bolti iliyolegea inarudisha ugonjwa uleule hata kwenye tundu zima.

Baada ya hapo bustani ililimika bila bolti kukatika. Lakini kasha la pembeni lilibaki na mlio, ta-ta-ta, hasa dereva alipoinua mashine mwisho wa mstari. Tukalifungua. Oili ilitoka nyeusi, na chini ya kasha palikuwa na matope yanayometameta unga wa chuma. Cheni nikailaza juu ya ubao, nikaivuta inyooke, nikapima pingili 12. Cheni ya hatua ya milimita 25.4 ikiwa mpya inatoa milimita 304.8. Yetu ilikaribia 314, yaani imerefuka asilimia 3, na hapo cheni haina tena cha kuokoa. Kikaza-cheni kilikuwa kimefika mwisho wa njia yake. Meno ya sproketi ndogo, gurudumu linaloshika cheni, yalikuwa yamepinda upande mmoja kama mapezi ya samaki.

Wengi hununua cheni mpya na kuiacha ipande sproketi ya zamani. Cheni mpya juu ya meno yaliyopinda haikai, inapanda na kuruka, na kila mruko ni pigo linalorudi juu hadi kwenye bolti. Tulibadilisha vyote pamoja. Kabla ya kufunga kasha tuliweka rula ndefu ubavuni mwa sproketi mbili kuhakikisha ziko mstari mmoja, tukabadilisha sili iliyokuwa inaingiza vumbi, tukajaza oili ya gia namba 90 hadi alama. Mlio ukaisha.

Yaliyobaki yalikuwa ya dereva. Kijana wetu alipenda kulima injini ikiwa chini ili kuokoa mazutu, yaani dizeli. Visu vinapozunguka polepole na trekta inakwenda mwendo uleule, kila kisu kinakata kipande kinene zaidi, na mzigo unapanda. Tukakubaliana: kadani inawashwa injini ikiwa chini, kisha inapandishwa taratibu hadi 540 ndipo visu vishuke udongoni. Na hakuna anayeshuka kutazama bolti kabla ya kuzima injini na kutoa ufunguo na kuutia mfukoni. Hilo silijadili na mtu, kwa sababu kitenge kikishikwa na kadani hakikuachii nafasi ya kupiga kelele.

Somo moja lilinijia kutoka mbali. Huko Kanada wana mashine zinazofungwa kwenye trekta kwa ajili ya kurusha theluji, nazo nyingi zina bolti kama hizi na baadhi zina cheni ubavuni. Nilisoma kwamba kinachowaumiza zaidi ni kutu: parafujo ya kukusanya theluji inagandana na mhimili wake, bolti inakatika lakini hakuna kinachoachia, na giaboksi ndiyo inayolipa. Kwetu theluji hakuna, ila kuna kiangazi kirefu ambacho mashine inalala. Kwa hiyo kabla ya mvua natoa bolti na kuizungusha sahani ya kadani kwa mkono. Mara moja niliikuta imegoma kabisa. Tukaipiga mafuta, tukaizungusha hadi ikalegea, tukasukuma grisi kwenye nipeli hadi ile ya zamani ikatoka nje.

Jirani ananishauri nihamie kwenye kadani ya klachi ya kuteleza, ambayo huteleza mzigo ukizidi na haihitaji bolti. Kwa shamba lenye visiki vingi ina faida, haisimamishi kazi. Lakini sahani zake nazo hugandana zikilala miezi bila kufanya kazi, na kila msimu springi zinatakiwa zilegezwe, klachi iachwe iteleze kidogo, kisha zikazwe kwenye urefu uleule wa mwanzo. Nisiyekuwa na uhakika kwamba kila dereva atalifanya hilo, bado nabaki na bolti ya 8.8, na nyingine kadhaa pamoja na spana mbili kwenye kopo lililofungwa chini ya kiti cha trekta.