Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Jukwaa, Usiku wa Muziki wa Enzi za Kati Paris

Wengi wanadhani kazi yetu ni kupanga viti. Viti ni nusu saa tu. Kazi yenyewe ni kupambana na joto la ukumbi.

Saa 2 asubuhi. Tunafunga jukwaa katika Musée de Cluny, makumbusho ya Enzi za Kati, ndani ya ukumbi wa baridi wa mabafu ya Warumi, ambao dari lake la mawe lina kimo cha takribani mita 14. Hakuna kupigilia msumari, hakuna kuegemeza kitu ukutani, hakuna mishumaa. Kila mguu wa jukwaa unakalia raba. Saa 3 na nusu tunawapisha wageni.

Saa 8 mchana ala zinafika. Masanduku hayafunguliwi mara moja. Ala zinaachwa kwanza zizoee ubaridi wa humo, kwa kuwa nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo na zinanywa unyevu.

Saa 10, fidla ya gurudumu. Gurudumu la mbao ndilo upinde wake. Linapakwa utomvu mkavu wa msonobari, na kila uzi unavishwa pamba pale unapoligusa. Unachambua pamba hadi ibaki utando unaoona kidole upande wa pili, unaiweka juu ya uzi, unazungusha polepole ijifunge yenyewe. Ikizidi, sauti inafifia. Ikipungua, uzi unakwaruza.

Saa 12 na robo jioni makumbusho yanafungwa, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Kinanda cha kubeba kinapakatwa: mkono wa kulia kwenye vibonye, wa kushoto unavuta mivukuto. Hewa ikipanda digrii 1, sauti ya filimbi zake inapanda takribani senti 3. Senti hapa ni kipimo cha sauti: senti 100 ni nusu toni, yaani hatua ya kibonye kimoja hadi cha jirani. Watu wakijaa, joto likapanda digrii 5, ni senti 15. Hizo kila mtu anazisikia. Filimbi huwezi kuzirekebisha katikati ya wimbo, kwa hiyo kinubi na fidla ndivyo vinavyokifuata kinanda. Tunapatanisha kwa sikio: noti ya tano, ukihesabu kutoka ile ya chini, inakazwa mpaka sauti hizo mbili zikipigwa pamoja ziache kabisa kupwitapwita. Programu za simu za kupatanisha ala kwa kawaida zinatoa noti ya tano ya piano, pungufu kwa senti 2, na muziki wa karne ya 14 unataka mitetemo ya noti hizo mbili iwe na uwiano wa 3 kwa 2 kamili.

Watu wameshakaa, tunapatanisha upya, na mgeni wa mstari wa mbele anasimama.

"Washeni kipasha joto, tunaganda!"

"Samahani sana, mama. Blanketi hizi hapa."

Hataki blanketi. Anamwita msimamizi, jirani zake wanamuunga mkono. Tunaeleza tena: kipasha joto kinapuliza hewa kavu upande mmoja, filimbi za upande ule zinapanda, na uzi mwembamba wa kinubi unaweza kukatika. Kuufunga mwingine ni dakika chache, lakini uzi mpya unalegea usiku kucha na mpigaji anaukaza kila baada ya wimbo. Dakika zinakwenda, kinubi bado hakijapatanishwa. Ghorofani kuna pazia la kufumwa la mwaka 1500 hivi: bibi anapiga kinanda, kijakazi anavuta mivukuto. Wanamsifu bibi, lakini bila yule kijakazi hakuna sauti.

Muziki ukiisha tunafungasha. Gurudumu linafunikwa kwanza, maana kidole chenye jasho kikiligusa, utomvu haushiki tena pale. Kisha jukwaa, usiku uleule, kwa sababu asubuhi wageni wa makumbusho wanaingia.