Uzi mmoja wa gitaa ulikuwa hausikiki kwenye pikapu

Nilifunga pikapu ya piezo, kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye amplifaya, chini ya kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kwenye daraja la gitaa. Kwenye amplifaya nyuzi tano zililia vizuri. Ule mwembamba kabisa ulinong'ona tu. Kubadilisha betri ya volti 9 na waya hakukusaidia.

Piezo husikia mgandamizo, hivyo mfupa lazima uilalie sawasawa. Niliutoa, nikausimamisha juu ya kioo na kumulika tochi kwa nyuma: upande wa uzi ule, mwanga ukapenya chini. Nikabandika msasa kwenye kioo, nikausugua mfupa ukiwa wima, taratibu, mpaka mwanga ukakatika. Wengine huweka kikaratasi chini yake. Mimi sipendi, hufifisha sauti. Mfupa umepungua, hivyo nyuzi zimeshuka kimo kidogo, lakini zote sita zinasikika sawa.