Nlivyorudia mtihani wa meno nikiwa nyumbani Lamu

Nianze na aibu kabisa. Mtihani ulionifelisha ulikuwa na swali la mtoto wa kilo 20, dawa ya ganzi lignokeini asilimia 2, katriji (kichupa kimoja cha dawa) ya mililita 1.8, na ukomo waliotupa ni miligramu 4.4 kwa kila kilo, je utampa katriji ngapi. Mimi nikaandika 24. Yaani katriji 24 kwa mtoto wa kilo 20, hiyo si ganzi tena wallahi, hiyo ni jeneza. Msahihishaji hakuweka hata alama ya kosa, aliweka alama ya mshangao tu.

Basi nikarudi Lamu na begi zima la noti, nina wiki sita za kujiandaa kurudia. Wiki mbili za kwanza niliziharibu na kalamu za rangi na ratiba nzuri nzuri ukutani, nasoma ukurasa nafika chini sijui juu kuliandikwa nini, joto nalo usiseme.

Aliyenitoa kwenye lile shimo la asilimia ni ami yangu, na yeye ni mvuvi, hajui lignokeini ni nini. Injini ya boti yake ni ya kuchanganya, petroli lita 50 kwa oili lita 1. Asubuhi moja nko naye barazani anapima oili kwenye kichupa, namlalamikia hesabu zangu, akacheka, "Mwanangu, kila lita mililita 20, nikikosea injini inanizimikia baharini, kwa hivyo sikosei." Nikanyamaza. Mbili kwa mia ni ishirini kwa elfu! Asilimia 2 ni gramu 2 ndani ya mililita 100, kwa hivyo kila mililita ina miligramu 20, mimi kwenye mtihani nlihesabu 2. Katriji moja basi ina 36. Mtoto wa kilo 20 mwisho wake ni 88, katriji mbili ni 72, ya tatu inafika 108 umeshapitiliza. Jibu ni 2, na sijalisahau tena.

Baada ya hapo nikaacha kusoma peke yangu chumbani. Nikamwendea bibi. Alitema tambuu kwanza, akasukutua, akaachama, nami na tochi ya simu. Namba 36 na 46, yale magego makubwa ya chini kushoto na kulia, hayapo siku nyingi. Hayo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi na wazazi wengi hudhani ni meno ya utoto yatang'oka tu, hawayashughulikii, yanaoza mapema. Meno ya mbele ya chini yanacheza, fizi zimevimba nyekundu, ukoga umeganda. Na bibi ana kisukari, anajidunga insulini. Sasa kwenye noti zangu kisukari kilikuwa faili la medisini na fizi faili la meno, wala sikuwahi kuyaweka pamoja, kumbe yote yako mdomo mmoja: sukari ikipanda fizi zinaharibika haraka, na fizi zikiwa na uchafu sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Kwa sababu ya tambuu nikamwangalia na mashavu ndani kama kuna ukakamavu, nikamwambia aingize vidole vyake vitatu mdomoni kuona kama unafunguka vya kutosha, vikaingia. "Umemaliza, daktari wa simu?" akaniuliza.

Kila jioni nikawa nachukua kitu kimoja cha bibi nakifuata mpaka mwisho, dawa zake, presha yake, kidonda kitapona vipi akitolewa jino. Neva ya tano, ile ya kichwani yenye matawi matatu usoni, nliisoma natembea ukingoni mwa bahari najigusa paji, shavu, taya, tawi la tatu pekee ndilo linaloendesha misuli ya kutafuna, wapanda punda wakawa wananiangalia kama nimepagawa.

Kwenye mtihani wa mdomo wakaniuliza mgonjwa wa kisukari yuko kwenye kiti anatoka jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Nikasema nasimamisha kazi, napima sukari, kama anaweza kumeza nampa kitu cha sukari, na nauliza kama alijidunga insulini bila kula. Hiyo ya mwisho niliisema haraka mno, maana bibi hufanya hivyo kila mwezi wa Ramadhani tukigombana naye.

Nlipata 58. Nikampigia bibi, akauliza kama sasa ntamtoa lile jino linalocheza, nikamwambia bado sina leseni, akakata simu.