Mchungaji Anayefunga Jeraha

Wengi wetu tumeikariri Zaburi ya 23 tangu utotoni, lakini mimi huguswa zaidi na sura ya 34 ya kitabu cha Ezekieli, ambamo Mungu, baada ya kuwakemea wachungaji waliojilisha wenyewe na kuliacha kundi litawanyike, anaahidi kwamba yeye mwenyewe atawatafuta kondoo waliopotea na kuwafunga waliovunjika. Anakuja mwenyewe; hamtumi mtu.

Maneno hayo yaliniingia vizuri huko Misungwi, nilipomkuta mjomba wangu zizini jioni, amepiga magoti kwenye samadi, akiosha kwa maji ya chumvi mguu wa kondoo jike aliyechomwa na mwiba, huku mkono wake wa pili ukimshika taratibu chini ya shingo ili asiogope. Kondoo wengine walikwisha kulala, naye hakuwa na haraka. (Sisi Wasukuma tuliokulia kati ya mifugo tunajua kwamba kazi hiyo haina shahidi wala sifa.)

Tangu tulipofiwa na baba, nimemwona Mungu akinitunza vivyo hivyo, kupitia akina mama wa jumuiya waliofika kupika bila kuitwa, na padre aliyeketi nasi hadi usiku pasipo kuhubiri. Yesu anasema katika Yohana 10 kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina, nami nasadiki kwamba langu analijua. Ndugu yangu unayeomboleza, uwe Ukerewe, Sengerema au hapa Ilemela, niandikie jina la mpendwa wako ili tumwombee Jumapili.