Nilitibiwa taifodi mara mbili, kumbe ni utumbo mpana

Maumivu yalinikuta soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikisimamia upakiaji wa magunia ya dagaa. Tumbo la chini, kushoto, kama nimebanwa na koleo. Nilikuwa na miaka 34. Nikameza diklofenaki, dawa yangu ya mgongo ya kila siku, nikaendelea kuhesabu magunia.

Mwaka huo nilikuwa nimeshatibiwa taifodi mara mbili na UTI mara moja. Kila mara napewa vidonge, homa inashuka, narudi kazini. Safari hii haikushuka, na kila bajaji iliporuka tuta nilishika tumbo kwa mikono miwili.

Hospitalini daktari kijana alinibonyeza taratibu. "Kaka, kidole tumbo kiko kulia. Wewe unaumwa kushoto." Akaandika kipimo cha CT, picha ya kuona ndani ya tumbo. Bima haikulipa yote, nikachomoa hela ya mzigo. Iliniuma karibu kama tumbo lenyewe.

Majibu: divetikulaitisi. Dokta akanichorea kwenye bahasha ya picha: utumbo mpana kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa, inatokeza vifuko pale ukuta ulipolegea. Wengi wanavyo hadi uzeeni na hawajui. Kimoja kikivimba ndipo kazi inapoanza. Changu kilikuwa hakijatoboka wala kutunga usaha.

Nikamwambia huo si ugonjwa wa wazee? Akasema walio chini ya miaka 50 nao wanaupata, ila kwetu haufikiriwi haraka. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, hapo ng'ambo tu ya ziwa, aliuona kuwa nadra Afrika. Mwaka 1971 yeye na Neil Painter waliandika kwamba chanzo ni chakula kilichopungukiwa nyuzinyuzi. Siku hizi inajulikana kuna mengine pia: unene, sigara, kukaa sana, kurithi. Nikafikiria sembe langu jeupe na chipsi mayai za usiku.

Nililazwa siku tatu: dripu, sindano za antibayotiki, kisha vidonge vya kumalizia nyumbani. Chakula kikawa uji mwepesi na supu ya sato iliyochujwa. Mama alikuja na hotpoti ya ugali. "Baba, utapona vipi bila kula?" Nesi akamrudisha nayo.

Ndugu walitaka nikatwe kipande cha utumbo, yaishe. Dokta alisema zamani vijana walipelekwa upesi kwenye upasuaji, sasa wanapima kwanza: yamejirudia mara ngapi, yana madhara gani, yanakuharibia maisha kiasi gani. Baada ya wiki kama sita nikapimwa kwa kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana. Vifuko vipo, kingine hakuna.

Kilichonishtua ni diklofenaki. Kumbe dawa za aina hiyo zinaongeza hatari ya vifuko kuvuja damu na kutoboka. Mgongo sasa naupa panado, na magunia wanabeba vijana. Nikahamia dona, maharage, mchicha, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na maji mengi, kidogo kidogo, maana wiki ya kwanza nilijaa gesi hadi nikaona aibu kukaa na watu. Karanga jirani alinikataza, eti zinanasa kwenye vifuko. Dokta akasema hakuna ushahidi, nami nazitafuna.

Yamerudi mara moja tu. Nilienda siku ileile, nikaeleza kisa changu kabla hawajaniandikia kipimo cha taifodi, nikatibiwa bila kulazwa.

Mama bado anasema dona ni chakula cha bweni. Akija Igoma kunitembelea, mkobani huwa na kilo mbili za sembe.